Mwanga Usioalikwa Katika Picha za Simu

Doa dogo la kijani linaloelea juu ya upeo wa macho katika picha ya machweo, utando mweupe unaofifisha sura ya mtu aliyelipa jua mgongo, mistari mirefu inayotoka kwenye taa za lori usiku: haya yote chanzo chake ni kimoja. Ni mwanga ulioingia kwenye kamera ya simu ukaishia mahali pasipo pake. Lenzi hutengenezwa ili mwanga wa kila nukta iliyo mbele yake uangukie nukta moja ya kihisi, kile kipande cha silikoni kinachopokea picha. Sehemu kubwa ya mwanga hufika inapotakiwa. Kiasi kidogo hurudishwa na nyuso za vioo vya ndani, au hutawanywa na vumbi na mafuta ya vidole, kisha huanguka kwingine. Kihisi hakina namna ya kujua kuwa mwanga huo umepotea njia. Huupokea na kuuandika kama mwanga mwingine wowote.

Mkiwa, katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, ina karibu kila kinachohitajika ili kasoro hizi zijitokeze. Iko kwenye barabara kuu ya Manyoni hadi Singida, pale inapochepuka barabara ya kwenda Itigi, Rungwa, Makongolosi na hatimaye Mbeya, kwa hiyo usiku taa za mabasi na malori hazikosekani. Ni nchi ya uwanda wa kati wa Tanzania: mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua kali, upepo na vumbi. Mapema Machi na tena mapema Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa, kwa kuwa eneo hilo liko nyuzi tano na kidogo kusini mwa ikweta. Saa ya kufika utosini nayo si saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45, ilhali Mkiwa iko karibu na nyuzi 35, hivyo adhuhuri ya kweli huangukia kwenye saa sita na dakika 40 hivi, na jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache.

Kwa mpiga picha, maana yake ni kwamba saa za kazi na za safari hazileti shida kubwa, kwani jua lililo juu sana haliingii kwenye fremu. Shida iko asubuhi na jioni. Karibu na ikweta jua hushuka wima, na nyuzi kumi za mwisho hulichukua kama dakika 40 tu. Muda huo mfupi wa mwanga wa dhahabu ndio watu wengi hutoa simu mfukoni, na ndio jua linapoitazama lenzi ana kwa ana. Barabara ya Itigi inatoka Mkiwa ikielekea kusini-magharibi, na kuanzia Novemba hadi Januari jua huzama kwa upande huohuo wa kusini ya magharibi. Anayeipiga picha barabara hiyo jioni ya miezi hiyo atakuwa analipiga na jua.

Mwanga unapotoka hewani na kugonga kioo cha kawaida, takribani asilimia 4 yake hurudi ulikotoka. Ukitoka upande wa pili wa kioo, asilimia 4 nyingine hurudi. Kwa kioo kimoja cha dirisha hilo si neno. Lakini kamera kuu ya simu janja ya leo si lenzi moja. Ni vipande vitano, sita, saba au zaidi, vingi vya plastiki, vilivyopangwa ndani ya kimo cha milimita chache. Vipande saba vina nyuso 14. Bila tiba yoyote, zaidi ya asilimia 40 ya mwanga ingerudishwa njiani kabla ya kufika kwenye kihisi. Na mwanga uliorudishwa hautoweki. Unaporudi nyuma hukutana na uso mwingine, nao huurudisha mbele tena sehemu yake, na baada ya kugeuzwa mara mbili hivyo huwa umeelekea tena kwenye kihisi, ila kwa njia isiyo ya halali. Nyuso 14 zinaweza kuunda jozi 91 za namna hiyo, na hapo bado hakijahesabiwa kioo cha nje kinachoilinda kamera, wala kichujio cha miale ya joto kilicho mbele ya kihisi, wala kihisi chenyewe, ambacho nacho hung'aa.

Tiba ilianza kuonekana kwa bahati. Mwaka 1886 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aligundua kuwa vioo vikuukuu vilivyochujuka usoni vilipitisha mwanga mwingi kuliko vioo vipya. Mwaka 1892 mtengenezaji wa lenzi Harold Dennis Taylor aliona jambo hilohilo kwenye lenzi zake: zilizozeeka na kubadilika rangi zilikuwa bora kuliko mpya, kinyume cha kila alichotarajia mnunuzi. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss mjini Jena, Ujerumani, alibuni njia ya kuipaka lenzi utando mwembamba kwa makusudi, na miaka mitatu baadaye Katharine Blodgett wa General Electric huko Marekani akatengeneza kioo kilichokaribia kutoonekana kwa njia yake mwenyewe.

Kanuni ya utando huo ni kuufanya mwanga ujifute. Unene wake hupimwa uwe robo ya urefu wa wimbi la mwanga, ambao kwa mwanga wa kijani ni kama milimita moja iliyogawanywa mara elfu kumi. Sehemu ya mwanga hurudishwa na uso wa juu wa utando, sehemu nyingine na uso wa chini, na mawimbi hayo mawili hukutana yakiwa yamepishana kwa nusu wimbi. Moja linapopanda jingine linashuka, na yote mawili huzimika. Tabaka moja la aina hiyo hupunguza asilimia 4 ikawa moja na kitu. Matabaka mengi yaliyopangwa vizuri huishusha hadi nusu ya asilimia au chini yake. Ila unene uliopimwa kwa rangi moja hauwezi kuzifaa rangi zote sawasawa. Rangi zisizofutwa vizuri ndizo zinazobaki zikirudi, na ndiyo maana lenzi ikitazamwa kwa ubavu huonekana ya zambarau au ya kijani, na madoa yanayotokea kwenye picha nayo hubeba rangi hizohizo.

Kwa nini basi simu mpya kabisa, yenye utando wa kisasa, bado inatoa doa? Jibu liko kwenye hesabu. Ikiwa kila uso unarudisha nusu ya asilimia, mwanga uliogeuzwa mara mbili unabaki sehemu moja tu kati ya 40,000. Ni kidogo sana, na kwa taa ya kawaida ya chumbani hauonekani. Jua si taa ya chumbani. Sura yake ni angavu kuliko anga ya bluu inayolizunguka mara laki tatu hivi. Laki tatu ukizigawa kwa 40,000, mabaki yale bado ni angavu mara saba kuliko anga, kabla hayajatawanyika kwenye eneo kubwa zaidi. Hakuna utando unaotengenezwa leo unaoweza kulishinda jua moja kwa moja, na anayetangaza simu isiyotoa doa lolote anauza maneno.

Doa la kijani lina tabia moja inayolitambulisha mara moja: hukaa upande wa pili wa kitovu cha picha, mkabala na taa iliyolizaa. Jua likiwa pembe ya juu kushoto, doa huwa pembe ya chini kulia, na umbali wa kila kimoja kutoka katikati hulingana au hukaribiana. Simu ikizungushwa kidogo, jua kwenye kioo cha simu likaenda kulia, doa nalo hukimbilia kushoto, na njia zao hukutana katikati kabisa. Hii ni kwa sababu katika simu doa la aina hii kwa kawaida hutokana na mwanga uliokwisha kufika kwenye kihisi, ukaruka kutoka kwenye kihisi au kichujio chake, ukagonga nyuso za juu na kurudi chini ukiwa umepinduliwa. Kwa kuwa ulikuwa tayari umekusanywa na lenzi, hurudi ukiwa na umbo la kitu chenyewe. Doa la balbu ndefu huwa refu, na doa la herufi za bango linalowaka huwa na herufi zilizopinduliwa.

Tabia hiyo ina faida moja isiyotarajiwa. Septemba 1, 2016 jua lilipatwa kipete, na ukanda ambao mwezi ulionekana umezungukwa na pete ya mwanga ulipita kusini mwa Tanzania. Umati mkubwa ulikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kulishuhudia. Mikoa ya kati, Singida ikiwamo, iliona jua lililomegwa. Katika picha za kupatwa zinazopigwa kwa simu bila kichujio, jua lenyewe huwa bonge jeupe lisilo na umbo, kwa sababu mwanga wake umekishinda kihisi. Doa, ambalo ni hafifu mara elfu nyingi, halikishindi. Ndani yake huonekana jua lenye umbo la mwezi mchanga mwembamba au la pete, limepinduliwa lakini safi. Agosti 2, 2027 kutakuwa na kupatwa kamili, kwenye ukanda utakaopita Misri, Saudia, Yemeni na ncha ya kaskazini ya Somalia. Atakayekuwa na simu tu siku kama hiyo alitafute doa lake kwenye picha, asilitazame jua kwa macho matupu, wala asiiache kamera ikilikodolea kwa muda mrefu.

Doa hilohilo limewahi kudhaniwa mambo mengine. Picha za mwanga wa ajabu angani husambazwa mara kwa mara kwenye simu, mara ni malaika, mara ni chombo kutoka sayari nyingine, na nyingi kati ya hizo zingetatuliwa kwa rula: mstari ukichorwa kutoka kwenye jua au taa kupitia kitovu cha picha unaangukia juu ya huyo malaika. Duara nyeupe nyingi zinazoelea kwenye picha ya usiku zina asili tofauti kidogo. Hizo ni punje za vumbi zilizo karibu mno na lenzi, zikamulikwa na flashi na kupanuka kwa kuwa ziko nje ya fokasi. Flashi ya simu iko sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye lenzi, hivyo vumbi lililo mbele huimulikia kamera moja kwa moja. Kiangazi cha Mkiwa, lori likiwa limetoka kupita kwenye barabara ya vumbi, kinaweza kuijaza picha ya harusi majini mia. Flashi ikizimwa, yanaondoka.

Aina ya pili ya kasoro haina umbo wala mahali. Ni utando wa weupe unaotanda picha nzima au upande mmoja wake, rangi zikafifia na nyeusi ikawa kijivu. Wapo wanaodhani kamera imechakaa. Mara nyingi sababu ni uchafu: alama ya kidole ina mafuta yaliyokaa kwenye kioo kama matone madogo yasiyohesabika, na kila tone hupinda mwanga kuelekea pande zote. Kwa kamera kubwa zenye kifuniko cha lenzi jambo hili ni dogo. Simu hushikwa kutwa nzima, huwekwa mezani kamera ikiwa chini, huingia mfukoni pamoja na sarafu na funguo, na kidole cha shahada hupita juu ya kamera kila inaponyanyuliwa.

Weupe huu huwaonea zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na hapo hakuna siri wala chuki ya mashine, ni hesabu tena. Mwanga uliotawanyika huongezeka kwa kiasi kilekile kila mahali kwenye picha. Tuseme anga ina mwanga wa vipimo 100, shavu la mtu lililo upande wa mwanga vipimo 5, na shavu la upande wa kivuli viwili na nusu. Uchafu ukiongeza vipimo 5 kila mahali, anga inakuwa 105 na hakuna atakayegundua. Mashavu yanakuwa 10 na saba na nusu. Tofauti kati yao ilikuwa mara mbili. Sasa imepungua hadi theluthi moja tu. Kinachoipa sura uhai, yaani mwinuko wa pua, mkunjo wa tabasamu na kina cha macho, kinamezwa. Simu hujaribu kurekebisha kwa kuikoleza picha, na matokeo yake ni ngozi ya majivu. Kwa hiyo kuisafisha lenzi kabla ya kumpiga picha mtu mweusi mbele ya anga angavu kuna thamani zaidi kuliko kubadilisha simu.

Usafi wenyewe una hatari yake. Mandhari ya Singida yametawaliwa na mawe makubwa ya matale, na mchanga unaotokana na matale una chembe za kwatzi. Kwenye kipimo cha Mohs, ambacho hupanga madini kwa ugumu kutoka 1 hadi 10, kwatzi ni 7, na kioo cha kawaida ni kati ya 5 na 6. Kitambaa kikavu kinachosugua vumbi hilo juu ya kioo kinafanya kazi ya msasa. Mikwaruzo haiondoki tena, na kila mkwaruzo hutawanya mwanga milele. Kwanza vumbi lipulizwe au lipanguswe taratibu, ndipo kitambaa laini cha pamba, kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi kama mafuta yameganda, kipitishwe kwa mzunguko. Ncha ya kanga safi inatosha. Upindo wa shati lililovaliwa safarini kutwa hautoshi. Baadhi ya simu hufunika kamera kwa yakuti, ambayo ugumu wake ni 9, nazo hustahimili mchanga vizuri zaidi.

Hapa inafaa kuitaja protekta ya kamera, kile kioo chembamba kinachobandikwa juu ya lenzi na mafundi wa simu. Kwa mtu anayeishi kwenye mchanga wa kwatzi wazo ni zuri. Utekelezaji wake ndio wenye kasoro. Protekta ya bei nafuu haina utando wa kuzuia mng'ao, kwa hiyo inaongeza nyuso mbili zinazorudisha asilimia 4 kila moja, na vumbi likiingia kati yake na kioo cha simu halitoki tena. Mchana huenda tofauti isionekane. Usiku, mbele ya taa moja kali, huzaa taswira ya pili ya kila balbu. Kava lenye rangi nyeupe au linalopitisha mwanga nalo huleta balaa lake: flashi ikiwaka, kingo za tundu la kava humulikwa na kuupeleka mwanga kwenye lenzi, na picha nzima hujaa ukungu. Kava jeusi lisilong'aa halina shida hiyo.

Mistari mirefu ya mwanga kwenye picha za usiku hutoka kwenye ukoo uleule wa uchafu. Kidole kikipita juu ya lenzi kuelekea upande mmoja huacha mifereji ya mafuta iliyo sambamba, na mifereji hiyo hutawanya mwanga kwa upande unaoikata. Kidole kilichopita kutoka juu kwenda chini huzaa mistari ya ubavuni, kulia na kushoto ya kila taa. Anayesimama njia panda ya Mkiwa usiku akipiga picha ya lori linalokuja anaweza kuusoma mwelekeo wa kidole chake mwenyewe kwenye picha. Kamera kubwa hutoa nyota yenye ncha kuzunguka taa kwa sababu tundu la lenzi yake limeundwa na visu vyenye kona. Simu nyingi zina tundu la duara lisilobadilika, na zile chache zenye tundu la kubadilika, kama Samsung Galaxy S9 ya mwaka 2018, hazikuubadilisha mwelekeo wa soko. Nyota kubwa yenye mistari michafu kwenye picha ya simu ni dalili ya kioo kichafu hadi itakapothibitishwa vinginevyo.

Mwanga mwingine usiotakiwa hauna uhusiano na lenzi kabisa. Hutoka kwenye kitu kilicho mbele ya simu, na mfano wake mkubwa ni dirisha la basi. Abiria anayetaka kulipiga picha shamba la alizeti akiwa ndani ya gari hupata shamba lililochanganyika na sura yake, siti ya mbele na shati jeupe la jirani. Kioo hurudisha vitu vya ndani kwa ile asilimia 4 kwa kila uso, na nje kukiwa na giza kuliko ndani, vya ndani hushinda. Dawa ni kuisogeza simu hadi iguse kioo, au kuizungushia sweta jeusi au kitenge cheusi ili mwanga wa ndani usifike kati ya lenzi na dirisha. Anayekaa upande wa kivuli wa basi hupata picha bora kuliko anayekaa upande wa jua. Miwani ya jua ya polaroidi ikishikwa mbele ya lenzi na kuzungushwa taratibu hufuta sehemu kubwa ya mng'ao wa kioo na maji, hasa kamera ikitazama kwa mshazari wa nyuzi 56 hivi kutoka kwenye mstari unaokikabili kioo moja kwa moja. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, yaliyo mjini Singida, ni mahali pazuri pa kulijaribu hilo. Kwenye paa la bati miwani hiyo haisaidii sana, kwa kuwa chuma hakichuji mwanga kama kioo na maji yanavyouchuja.

Kitambulisho chenye plastiki, cheti kilichofungwa kwenye laminesheni au ukurasa wa daftari unaong'aa vinahitaji uangalifu uleule. Watu wengi leo hutuma nakala za nyaraka kwa simu, na nyingi hurudishwa kwa sababu bonge jeupe la flashi limekaa juu ya namba. Mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Flashi izimwe, hati iwekwe karibu na mlango au dirisha ili mwanga uijie kutoka ubavuni, na simu iwe juu yake sambamba. Mng'ao utaelekea upande wa pili wa chumba, mbali na kamera.

Kwa doa la jua, ambalo usafi hauliondoi, mkono ndio chombo cha kwanza. Kiganja kikiinuliwa juu ya simu hadi kivuli chake kiifunike lenzi, bila kuingia kwenye fremu, jua lililo nje kidogo ya picha hukoma kuleta ukungu. Jua likiwa ndani ya fremu kiganja hakifai kitu, na njia zilizobaki ni za kulihamisha. Linaweza kufichwa nyuma ya shina la mbuyu, nguzo au bega la mtu. Linaweza kuwekwa katikati kabisa ya picha, ambako doa huangukia juu yake na kumezwa. Au doa lenyewe lipelekwe mahali ambapo halitaonekana, kwenye nyasi zilizojaa mwanga badala ya kwenye shati jeusi. Kamera ya pembe pana sana, ile inayoona kama nyuzi 120, hupata taabu zaidi kuliko kamera kuu, kwa sababu ni vigumu kuliweka jua nje ya macho yake.

Watengenezaji wamelikiri tatizo kila mmoja kwa lugha yake. Mwaka 2012 wanunuzi wa iPhone 5 walilalamikia ukungu wa zambarau kando ya picha, na Apple ikajibu kuwa kamera nyingi ndogo huwa hivyo, na kuwashauri wasogeze simu au wakinge jua. Mwaka 2016 simu ya kwanza ya Google Pixel ilipotoa pete za mwanga, kampuni ilichagua kuzitafuta na kuzipunguza kwa programu. Mwaka 2023 Apple ilirudi kwenye kioo, ikatangaza utando mpya wa kipimo cha nano kwenye kamera kuu ya iPhone 15 Pro. Programu nazo zimekuwa hodari. Hufundishwa kwa kuonyeshwa picha safi zilizoongezewa madoa ya kutengeneza, hadi zijue kuyatenganisha. Kwa picha ya familia hilo ni jema. Kwa picha ya ajali barabarani, itakayopelekwa polisi au kwenye bima, doa liachwe lilivyo, kwa kuwa programu inayolifuta hujaza pengo kwa kubuni, na kilichobuniwa si ushahidi.

Wapiga sinema wao waliuona uzuri kwenye kasoro hii tangu miaka ya 1960, wakaacha jua ligonge lenzi kwa makusudi ili mtazamaji ahisi joto. Leo filamu za katuni zinazotengenezwa kwa kompyuta, zisizo na lenzi hata moja, huongezewa madoa ya kuchora. Picha ya machweo ya Mkiwa yenye doa moja la kijani si lazima iwe imeharibika. Sura ya bibi arusi iliyofunikwa na ukungu wa mafuta ya kidole, hiyo imeharibika.

Anayenunua simu Singida mjini au Itigi, na hasa simu iliyokwisha kutumika, aijaribu kamera palepale dukani. Abandue protekta, asafishe kioo, aielekeze simu kwenye balbu moja kali na kuizungusha taratibu. Doa moja au mawili yanayokimbia upande wa pili wa taa ni ya kawaida kwa simu yoyote, ya laki mbili na ya milioni tatu. Ukungu usioondoka baada ya kusafisha, au mistari inayobaki palepale kila kioo kinapofutwa, ni mikwaruzo au unyevu ulioingia ndani, na simu hiyo irudishwe kwa muuzaji kabla ya kulipiwa.